Pikipiki ya Kesho Itapita Makambako

Oktoba 2016, mjini Los Angeles, kampuni ya BMW ilionyesha pikipiki iliyoiita Vision Next 100. Fremu yake nyeusi ya pembetatu ilikumbusha R32 ya mwaka 1923, pikipiki ya kwanza ya kampuni hiyo, lakini hii mpya ilijipinda yenyewe dereva alipogeuza usukani. Ilisimama wima bila stendi na bila mguu wa mtu kugusa ardhi. Wabunifu wake walisema dereva hatahitaji hata helmeti, kwa kuwa mitambo itamzuia asianguke. Atavaa miwani tu, nayo itamwonyesha njia na hatari iliyo mbele. Januari 2017 Honda ikapeleka Las Vegas pikipiki yake ya Riding Assist, inayojisawazisha ikiwa imesimama au inapokwenda polepole. Kabla ya mwaka huo kwisha, Yamaha ikaonyesha Tokyo chombo kiitwacho Motoroid, kinachomtambua mwenyewe kwa sura na kuitikia ishara ya mkono wake. Hakuna hata kimoja kilichofika dukani. Vilikuwa vyombo vya maonyesho, na kazi ya aliyevitazama ilikuwa kuamini kwamba kesho inatengenezwa na wabunifu katika karakana za mbali, sisi wengine tukisubiri ituteremkie.

Historia ya usafiri wa Makambako na Njombe, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, inasema jambo jingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja, hakuna chombo kilichobadilisha maisha ya nyanda hizi kwa sababu kilikuwa cha ajabu. Kila kilichobadilisha kitu kilikuta njia imekwisha kutengenezwa: barabara ya kukipitisha, nishati ya kukilisha, fundi wa kukifungua, na mpango wa fedha unaomwezesha mtu asiye na akiba kukimiliki. Pale mambo hayo yalipokosekana, hata chombo bora kilibaki mali ya wachache. Basi anayetaka kujua pikipiki ya umeme na vizazi vyake vijavyo vitaingia lini Njombe, na vitamfaa nani, asianze kutazama maonyesho ya Tokyo. Aanze kwenye njia panda ya Makambako.

Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli iliundwa mwaka 1885 na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach huko Cannstatt, Ujerumani. Fremu na magurudumu yake yalikuwa ya mbao, jambo ambalo mtu wa Njombe, nchi ya misindano na viwanda vya kupasua mbao, ana haki ya kulitafakari. Mwaka huohuo, Februari, Kaizari alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters katika nchi iliyokuja kuitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Injini na dola vilizaliwa pamoja, lakini dola ilifika nyanda za juu kusini mapema zaidi. Ilipofika ilitembea kwa miguu ya watu. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalipoingia Njombe na kusonga mbele hadi Lupembe yakitokea upande wa Ziwa Nyasa, risasi na unga vilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi. Si kwamba Waingereza hawakuwa na pikipiki. Upande wa kaskazini wa vita hivyohivyo, jeshi la Jenerali Smuts lilikuwa na kikosi kizima cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Lakini masika ya mwaka huo yalipokata njia ya kwenda Kondoa, jeshi lililokuwa huko lilikwama kwa njaa na matope, lenye magari na lisilo na magari. Mpagazi ndiye aliyeendelea kutembea, na wengi wao walikufa njiani kwa kuhara, malaria na uchovu. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: teknolojia ya kisasa kuliko zote za wakati ule ilishindwa na udongo, na gharama ya kushindwa kwake ikalipwa na mwili wa mtu.

Kwa miaka hamsini iliyofuata pikipiki ilikuwepo katika nchi hizi, lakini haikuwa ya wananchi. Ilikuwa chombo cha misheni, cha ofisi ya serikali na, baada ya Uhuru, cha bwana shamba na mratibu elimu. Mwananchi alitembea, au alisukuma baiskeli iliyobeba gunia. Kilichogeuza mambo ni siasa, wala si uvumbuzi wa karakana. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta inategemea njia zinazopita kwa wabaguzi. Ndani ya miaka michache nyanda za juu kusini zikageuzwa kuwa koo la nchi mbili. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likakamilika mwaka 1968. Barabara kuu ya Zambia, ambayo madereva wa malori waliiogopa kwa matope na ajali, ikatiwa lami. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China na kukabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kipande kigumu kuliko vyote cha reli hiyo ni cha Mlimba hadi Makambako, kilomita 157 za kupanda kutoka bonde la Kilombero hadi kwenye uwanda wa baridi. Mengi ya mahandaki ya reli nzima yamerundikana humo, pamoja na madaraja mengi. Makambako ikawa mahali ambapo reli na barabara kuu vinakutana baada ya kupishana kwa mamia ya kilomita, na miaka ya 1980, kwa fedha za Uingereza, ikachomoza hapo barabara ya lami ya kwenda Njombe na Songea. Mji ambao leo una maghala ya mahindi, gereji, nyumba za wageni na vijiwe vya bodaboda usiku kucha ulitokana na kukutana kwa njia hizo. Hakuna mtu aliyeubuni mezani. Maji hufuata mkondo, na mkondo ulichimbwa hapo.

Hapa patatokea pingamizi la haki. Kama lami ilitosha, kwa nini bodaboda hazikujaa Njombe mwaka 1986? Lami ilikuwepo, vituo vya mafuta vilikuwepo, wakulima wenye viazi na mbao walikuwepo. Ilibidi kusubiri zaidi ya miaka ishirini, mpaka pikipiki za bei nafuu kutoka China, na baadaye India, zilipoanza kuingia kwa wingi. Je, hiyo si dalili kwamba chombo ndicho kilichoamua, na njia ni kisingizio tu?

Pingamizi hili linafaa kuchunguzwa kwa kukifungua chombo chenyewe. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoanza kazi ya bodaboda katika Afrika Mashariki zilikuwa na injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, pikipiki ya katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda walikuwa wameona jinsi wateja wa nchi maskini wanavyobebesha pikipiki mizigo mizito na kuchelewa kubadilisha oili. Wakaachana na mtindo wao wa kuweka kemshafti juu ya silinda, wakairudisha chini na kufungulia valvu kwa vijiti. Kwa macho ya mashindano ya mbio hiyo ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Kwa macho ya fundi aliyeketi juu ya tairi kuukuu nje ya kibanda cha mabati, ilikuwa zawadi: injini inayofunguka kwa spana chache, inayovumilia vumbi, na ambayo pistoni, klachi na cheni yake hupatikana duka lolote la spea. Viwanda vya China viliirudia kwa mamilioni hadi bei ikashuka. Kwa hiyo ni kweli chombo kiliamua, lakini kiliamua kwa sababu kilibuniwa kwa kutazama njia itakayopita na mkono utakaokitengeneza. Pikipiki iliyoibadili Njombe haikuwa na teknolojia mpya hata moja. Ilikuwa na umri wa miaka thelathini ilipofika.

Na haikufika peke yake. Uendeshaji wa abiria kwa baiskeli ulikuwa umeanza mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960, ukahamia kwenye pikipiki miaka ya 1990. Biashara yenyewe ilikuwa tayari ina adabu na desturi zake. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Tanzania ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji za pikipiki na bajaji mwaka 2010, zilizoiingiza bodaboda katika sheria chini ya SUMATRA, ambayo leo ni LATRA. Vijijini kukazuka utaratibu ambao hakuna waziri aliyeuandika: kijana anapewa pikipiki na tajiri, analeta hesabu kila siku au kila wiki, na kama ni ya mkataba, baada ya mwaka mmoja au zaidi kadi inahamia jina lake. Petroli ikaanza kuuzwa kwa chupa za maji kwenye genge la kijiji, mbali na kituo chochote cha mafuta. Hesabu, mkataba, chupa ya petroli na fundi wa kibandani: hivyo vinne ndivyo vilivyoifanya pikipiki iwe ya watu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuonyeshwa jukwaani.

Sasa umeme. Kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za umeme za kubadilisha betri mjini Kigali mwaka 2019. Kenya ina Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus. Uganda ina Zembo. Rwanda imekwenda mbali zaidi kwa kuamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Mfano wa kubadilisha betri ulithibitishwa na Gogoro nchini Taiwan tangu mwaka 2015: dereva haingoji betri ijae, anachomoa iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka ndani ya dakika chache. Mtu atasema Kigali ni jiji dogo lenye lami, na Njombe ni milima. Ni kweli, na ndiyo maana hoja ya milima inafaa kupimwa kwa fizikia kabla ya kuaminiwa.

Injini ya petroli inapumua. Kila ukipanda mita elfu moja, hewa inapungua uzito na injini yenye kabureta hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu zake. Njombe mjini ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo pikipiki aina ya Boxer inayopanda kutoka mtoni na magunia mawili ya viazi inafanya kazi hiyo ikiwa imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Asubuhi ya Juni, sakitu ikiwa imelala kwenye nyasi, dereva anapiga kiki mara tano na choki ikiwa imevutwa, amevaa koti, glovu na kofia ya sufu chini ya helmeti. Mota ya umeme haivuti hewa. Inatoa nguvu ileile Dar es Salaam na Makete, tena hutoa msukumo wake mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, yaani hasa pale mlima unapohitaji. Na wakati wa kuteremka, mota inaweza kugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri, ilhali pikipiki ya petroli huteremka bila kurudisha chochote kwenye tangi. Kwa mwinuko na kwa mteremko, nchi ya Wabena na Wakinga wa Njombe ni rafiki wa mota.

Baridi ni hoja nzito zaidi. Betri ya lithiamu hutoa nishati pungufu kwenye baridi, na kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri huiharibu. Lakini Njombe haikai chini ya sifuri mchana kutwa. Baridi kali ni ya alfajiri, kwenye miezi michache, na zaidi upande wa Makete na Kitulo. Betri inayochajiwa ndani ya chumba cha kituo na kutolewa ikiwa na joto la kawaida haina shida hiyo. Tatizo linabaki kwa atakayeacha pikipiki nje usiku kucha, na hilo ni la kumfundisha dereva, si la kuzuia chombo.

Kuhusu gharama, hesabu haihitaji mtaalamu. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti tatu hadi nne kwa kilomita 100 za tambarare. Tuipe tano kwa ajili ya milima na mizigo. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa shirika la umeme la TANESCO, pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 350. Jumla haifiki shilingi 2,000. Safari hiyohiyo kwa petroli, tukihesabu lita mbili na nusu hadi tatu na bei ya shilingi 3,000 kwa lita, inafika shilingi 7,500 hadi 9,000, na kwenye chupa ya gengeni ni zaidi. Mwaka 2022, bei za dunia zilipopanda, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili mafuta yasiwashinde watu. Kinachouma katika historia hii ni kwamba mafuta yamepita chini ya ardhi ya nyanda hizi kwa zaidi ya nusu karne yakienda Ndola, na mkulima wa juu yake hakuwahi kuwa na sauti juu ya bei yake.

Umeme uko tofauti. Njombe imekuwa ikijizalishia mwenyewe kwa muda mrefu: mtambo mdogo wa maji wa Uwemba, na tangu miaka ya 1990 mtambo wa kuni wa kampuni ya miwati ya TANWAT, wenye megawati 2.5. Njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilikamilika mwaka 2018 na kuiondoa Ruvuma kwenye jenereta za dizeli. Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuingiza umeme kwenye gridi, bwawa lenye uwezo wa megawati 2,115. Na ndani ya Mkoa wa Njombe imepangwa miradi ya Ruhudji, megawati 358, na Rumakali, megawati 222. Kwa mara ya pili katika miaka hamsini mkondo unapita Makambako. Safari hii unaweza kufunguliwa palepale.

Wanaosema umeme unakatika hawasemi uongo. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika. Hata hivyo, kituo cha kubadilisha betri ni ghala pia. Chenye betri arobaini zilizojaa kinaweza kuhudumia kijiwe kwa saa kadhaa taa zikiwa zimezimika. Kituo cha mafuta, kwa upande wake, umeme ukikatika pampu husimama mpaka jenereta iwashwe. Hofu iliyo na msingi zaidi ni ya mafundi. Mota haina oili ya kubadilisha, haina klachi, haina plagi, wala kabureta. Anayeishi kwa kubadilisha pistoni atapoteza kazi hiyo, na si haki kumwambia asubiri tu neema ya maendeleo. Atabaki na tairi, breki, shokapu, beringi na waya. Lakini asipofundishwa kupima na kufungua betri na kidhibiti cha mota, sehemu yenye thamani zaidi ya ufundi itahamia kwenye kampuni moja mjini. Vyuo vya VETA vinapaswa kuanza mafunzo hayo kabla pikipiki hizo hazijajaa.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote, kuliko baridi, mlima na mgawo, ni betri yenyewe kama mali. Katika mfumo wa kubadilisha, kijana ananunua pikipiki lakini betri inabaki ya kampuni. Hilo linapunguza bei ya kuanzia, na kwa mtu wa mkataba ni nafuu kubwa. Lakini kama kila kampuni ina umbo lake la betri na plagi yake, dereva wa Makambako atakuwa amefungwa: kampuni ikipandisha bei, hana pa kwenda, ikifunga biashara, pikipiki yake ni chuma chakavu. Petroli ina ubaya wake wote, ila kituo chochote kinaweza kumuuzia mtu yeyote. Chupa ya gengeni ilimpa mkulima wa Lupembe uhuru ambao betri ya kampuni moja itamnyang'anya, na hapo mageuzi yatakuwa ya kurudi utumwani kwa teknolojia safi. Dawa yake ni viwango vya pamoja vya betri. Wenye kampuni watasema viwango hivyo vinaua ubunifu. Historia inawapinga: injini ya CG iliyonakiliwa na kila kiwanda ndiyo iliyoshusha bei na kuzaa mafundi, kwa sababu spea ya mmoja ilimfaa mwingine.

Liganga, wilayani Ludewa, kuna chuma chenye vanadiamu na titaniamu kilichojulikana tangu enzi za Wajerumani, na mkataba wa kukichimba uliotiwa saini mwaka 2011 haujazaa tanuru hata moja. Siku kitakapochimbwa, huenda fremu ya pikipiki ikatoka mkoani humu. Kiwango cha betri hakihitaji tanuru wala mkopo wa nje. Kinahitaji kanuni. LATRA, Shirika la Viwango na Wizara ya Nishati waandike sasa kwamba betri ya kubadilisha itakayouzwa Tanzania iwe ya umbo moja na plagi moja, na kwamba kituo chochote kiweze kuhudumia pikipiki yoyote. Halmashauri ya Mji wa Makambako itenge kiwanja cha kituo cha kwanza karibu na stendi, pale njia ya Njombe inapoachana na barabara kuu, na madereva wa vijiwe, kupitia vyama vyao, wadai kuwa na hisa ndani yake.